Kuonja Wiski Kongwe ya Single Malt: Mwongozo kwa Anayefungua Chupa Yake ya Kwanza

Mtu akipata chupa ya wiski yenye miaka 18 au 25 kwenye lebo, maswali huwa yale yale. Niweke barafu? Nikitia maji nimeiharibu? Mbona wenzangu wanasikia asali na zabibu kavu, mimi nasikia spiriti tu? Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, kwa hiyo nayaweka hapa yote pamoja, kuanzia chupa ikiwa bado imefungwa hadi glasi ikiwa tupu.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana hatua zote zinalitegemea: wiski kongwe haitaki haraka. Tenga saa nzima kwa glasi moja ndogo. Anayeharakisha hupata ukali wa pombe na harufu ya mbao, akaondoka akidhani hicho ndicho kilichomo. Vilivyobaki huja vyenyewe kuanzia dakika ya kumi na kuendelea, na ndivyo vilivyokaa kwenye pipa miaka yote hiyo.

Soma lebo kabla ya kufungua

Hapa nazungumzia wiski ya Uskoti. Kwa sheria ya mwaka 2009, maneno Single Malt kwenye chupa ya Kiskoti yana maana ya wiski iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja, ikakenekwa kwenye mitungi mkupuo kwa mkupuo, kisha ikakaa ndani ya mapipa ya mwaloni huko huko Uskoti kwa muda usiopungua miaka 3. Pombe isipungue asilimia 40. Hairuhusiwi kuongezwa kitu ila maji na rangi ya karameli.

Namba ya miaka ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa iliyoandikwa 18 inaweza kuwa na wiski ya miaka 22 ndani yake, lakini haiwezi kuwa na hata tone la miaka 17. Na miaka hiyo ni ya pipani tu. Chupa ya miaka 12 iliyokaa kabatini miaka 30 bado ni wiski ya miaka 12. Watu wengi huhesabu umri wa kabatini, na ndiyo maana nalisema mapema.

Angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni asilimia ya pombe, kwa sababu ndiyo itakayoamua suala la maji huko mbele. La pili ni aina ya pipa. Mapipa yaliyowahi kubeba wiski ya Bourbon ya Marekani huacha vanila, nazi na asali. Yaliyobeba sheri, ile divai iliyoongezwa nguvu ya eneo la Jerez, Hispania, huacha zabibu kavu, tende, lozi na viungo. Ukijua pipa, unajua pua iende kutafuta upande gani.

Jina la eneo nalo husaidia, ila lisikufunge. Speyside ndiko kwenye viwanda vingi kuliko kanda nyingine yoyote, na nyingi ya wiski zake ni za matunda na utamu. Islay, kisiwa ambacho jina lake hutamkwa Aila, kinajulikana kwa moshi: Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg zote zinatoka huko. Moshi huo ni wa peti, udongo wa mimea iliyooza nusu na kushindiliana kwenye ardhi chepechepe kwa karne nyingi. Huchomwa wakati wa kukausha kimea. Moshi hupungua kadiri wiski inavyozeeka, kwa hiyo Islay ya miaka 25 usitegemee ikupige kama ya miaka 10.

Vitu vya kuandaa

Glasi yenye tumbo na mdomo uliobana. Hiki ndicho kifaa ambacho sikubali kibadilishwe. Ile inayoitwa Glencairn, iliyoingia sokoni mwaka 2001, imetengenezwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya divai yenye umbo la ua lililofumba inatosha kabisa. Glasi pana ya kawaida ya wiski, ile ya kuwekea barafu, hutawanya harufu kabla haijafika puani. Kikombe cha plastiki kina harufu yake mwenyewe.

Glasi iwe imesuuzwa kwa maji moto matupu na kuachwa ikauke yenyewe. Inuse ikiwa tupu. Ukisikia sabuni, kitambaa au kabati, isuuze tena.

Maji ya kunywa yasiyo na ladha wala harufu ya klorini, yaliyokaa kwenye joto la chumba. Weka glasi kubwa kwa ajili ya kunywa wewe, na kikombe kidogo kwa ajili ya wiski.

Kijiko cha chai, au bomba la sindano jipya lisilo na sindano yake. Hilo hupima mililita moja moja, na utalishukuru.

Daftari na kalamu. Karatasi ni nzuri kuliko simu, kwa sababu ukishika simu utaanza kusoma wengine wameandika nini kuhusu chupa hiyo.

Tumbo lisiwe tupu, lakini chakula chenye pilipili au kitunguu saumu kiwe kimepita saa mbili zilizopita. Kahawa, sigara na dawa ya meno huua ulimi kwa muda. Manukato usijipake siku hiyo, na mikono ioshwe kwa sabuni isiyonukia, maana mkono ndio utakaokuwa karibu na pua yako saa nzima.

Neno kuhusu pombe yenyewe, nalisema kwa uzito wote. Mililita 25 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 10 za pombe tupu. Usiendeshe chombo cha moto baada ya kuonja. Kama una mimba, unatumia dawa zisizopatana na pombe, hujafikia umri wa kisheria, au umeamua kuacha, mwongozo huu haukuhusu. Glasi moja, mbili kwa wingi, ndiyo onjo. Zaidi ya hapo pua haifanyi kazi tena na unapoteza wiski yako bure.

Hatua kwa hatua

1. Fungua chupa bila nguvu. Iwe imesimama tangu jana yake. Shika kizibo kwa mkono mmoja, zungusha chupa kwa mkono mwingine, taratibu, hadi kizibo kitoke chenyewe. Kizibo ni gome la mti, na kikizeeka hukauka. Ukikivuta kwa kishindo nusu inabaki shingoni. Mimi nilishawahi kukivunja cha chupa ya miaka 21 mbele ya wageni kwa kutaka kufungua upesi, tukamaliza jioni tukiokota chembe. Tiba yake nimeiweka chini huko.

2. Mimina kidogo: mililita 20 hadi 25, yaani vijiko vinne au vitano vya chai. Kiasi hicho hufika sehemu pana ya tumbo la glasi na kuacha nafasi juu kwa ajili ya harufu. Ukijaza, unaua nafasi hiyo.

3. Iache. Weka glasi mezani, wazi, dakika kumi hadi kumi na tano. Watu wengine hutumia kanuni ya dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Si sheria, lakini haijawahi kunidanganya. Mvuke wa pombe ulio juu juu unaondoka, na harufu nzito zinaanza kupanda. Inuse mara moja mwanzoni, andika unachosikia, kisha usiiguse. Ulichoandika hapo utakihitaji baadaye kwa kulinganisha.

4. Tazama, lakini usikae sana. Rangi nzito haina maana ya umri mkubwa. Inaweza kuwa ya pipa la sheri, na inaweza kuwa ya karameli. Wiski ya miaka 25 kutoka pipa lililotumika mara tatu inaweza kuwa nyeupe kama majani makavu. Ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi ukiiinamisha nayo hueleza nguvu ya pombe zaidi kuliko ubora. Itazame kwa sababu ni nzuri, uendelee.

5. Nusa kwa mbali. Shika glasi usawa wa kifua, kisha ipandishe polepole hadi kidevuni. Usiizungushe kwa nguvu kama divai, maana unainua pombe juu na kujichoma. Kuna mahali fulani kati ya kifua na kidevu ambapo harufu ya kwanza inakufikia, laini, bila ukali. Simama hapo. Mara nyingi harufu zilizo nyepesi, za matunda na maua, zinapatikana kwa mbali tu. Ukiikaribia glasi zinafunikwa.

6. Nusa kwa karibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Hii ndiyo siri inayobadilisha mambo kwa wengi. Ukifunga mdomo na kuvuta kwa nguvu, pombe yote inapanda puani na pua inakufa ganzi. Achanisha midomo kwa unene wa kidole, weka pua juu ya ukingo wa glasi, si ndani yake, vuta pumzi fupi mbili tatu. Jaribu tundu moja la pua, kisha jingine. Utashangaa kuwa hayasikii sawa.

Usitafute jina la harufu mara moja. Anza na familia: ni matunda au mbao? Matunda mabichi au makavu? Ukishapata kuwa ni matunda makavu, ndipo uulize, zabibu au tende? Anayeanza na jina hukwama. Anayeanza na familia hufika. Na jina likija lenyewe kutoka kwenye maisha yako, liandike hivyo hivyo: kabati la bibi, mfuko wa shule wa ngozi, chumba kilichopigwa nta jana. Wiski kongwe zina harufu nyingi za aina hiyo, za vitu vilivyokaa: ngozi, nta, tumbaku isiyowashwa, karatasi ya kitabu cha zamani. Hayo ni majibu sahihi.

7. Pumzisha pua. Nusa mkono wako wa nguo au ngozi ya kiwiko. Harufu yako mwenyewe ndiyo ambayo pua yako imeizoea kuliko zote, kwa hiyo huirudisha kwenye sifuri. Kunywa maji. Rudi.

8. Funda la kwanza ni la kuamsha kinywa. Liwe dogo kabisa, nusu kijiko cha chai. Lisambaze, limeze, usilihukumu. Litaunguza, ni kawaida yake, kwa sababu kinywa hakijazoea. Ukiandika maoni kwenye funda hili utaandika neno “kali” na hutajifunza kitu.

9. Funda la pili ndilo la kuonja. Subiri dakika moja, chukua kiasi kama kijiko kimoja cha chai, na ulimung’unye kama tonge. Lipeleke mbele ya ulimi, pembeni, chini ya ulimi, kwenye fizi. Hesabu hadi kumi na tano. Sikiliza mambo matatu kwa mfuatano wake: utamu unaokuja kwanza, viungo vinavyofuata, na ukakasi wa mbao unaofunga. Ukakasi huo ni tanini ya mwaloni, ya jamii moja na ile inayokausha kinywa kwenye chai iliyochemka kupita kiasi. Wiski kongwe lazima iwe nayo. Swali ni kama imebebwa na utamu au imeachwa peke yake.

Sikiliza pia uzito wake. Kuna wiski inayopita kama maji na kuna inayotambaa kama mafuta. Mimi naipenda inayotambaa, na nyingi nzuri nilizowahi kuonja zilikuwa hivyo.

10. Meza, funga mdomo, toa pumzi kwa puani. Usiruke hatua hii. Harufu hupanda kutoka kooni kwenda puani kwa nyuma, na huko ndiko sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inakosikika. Kisha kaa kimya uangalie saa. Ladha inabaki muda gani? Sekunde kumi? Dakika mbili? Inabadilika inapofifia? Hapa ndipo umri unapojionyesha wazi kuliko kwingine. Wiski changa nzuri inaweza kuwa na mwanzo mzuri sana, lakini ni chache zinazoweza kukaa dakika tatu na kumaliza kwa ladha tofauti na ile iliyoanza.

11. Sasa maji, na hapa twende polepole. Maji si kosa. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba guayakoli, moja ya kemikali za harufu ya moshi katika wiski, hujikusanya juu ya kimiminika pombe ikiwa chini, na huzama ndani pombe ikiwa nyingi sana. Kwa maneno mengine, maji kidogo huipandisha harufu karibu na pua.

Lakini tazama namba ya chupa yako. Lebo ikisema Cask Strength, yaani wiski imetoka pipani bila kupunguzwa, unaweza kukuta asilimia 56. Mililita 25 za wiski hiyo ukizitia kijiko kimoja cha chai cha maji, mililita 5, zinashuka hadi karibu asilimia 47. Hapo umefanya jambo jema. Kijiko hicho hicho kwenye wiski ya asilimia 43 kinaishusha hadi karibu asilimia 36, na umeifanya maji ya matunda.

Na wiski kongwe mara nyingi tayari iko chini. Kwenye hali ya hewa ya Uskoti, pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa mvuke. Watu wa kule huuita fungu la malaika. Pombe hupungua kuliko maji, kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda nguvu inashuka. Pipa likishuka chini ya 40 kilichomo hakiruhusiwi tena kuitwa wiski. Kwa hiyo ukikutana na wiski ya miaka 30 yenye asilimia 42, ujue haina pa kushukia. Mililita moja, basi, na mara nyingi hata hiyo siitii.

Utaratibu wangu ni huu: asilimia 50 na zaidi, naongeza mililita 2 kwa mkupuo hadi ukali uondoke. Kati ya 46 na 50, mililita 1, nanusa, naamua. Chini ya 46, naonja karibu yote kavu kwanza, yaani bila maji, kisha naitia tone mbili tatu kwenye kiasi cha mwisho kilichobaki, ili nikiiharibu niwe nimeharibu kidogo. Kila unapoongeza, subiri dakika tatu kabla ya kunusa. Maji yaliyoingia huwezi kuyatoa.

12. Rudi baada ya nusu saa. Nusa tena, funda dogo tena, andika. Linganisha na ulichoandika mwanzoni kabisa.

Nikuonyeshe ilivyokuwa kwangu mara moja, kwa wiski ya miaka 21 ya pipa la sheri, asilimia 46. Daftari langu linasema hivi. Mwanzo: mbao zilizokatwa, rangi ya viatu, ukali. Dakika ya kumi: zabibu kavu, ganda la chungwa. Dakika ya ishirini: chungwa limezidi, mdalasini, kitu kama chokoleti chungu. Dakika ya arobaini: rangi ya viatu imeondoka kabisa, pamebaki nta na asali nzito, na kwa nyuma tofaa lililoiva mpaka likaanza kulegea. Glasi ni ile ile, wala sikutia tone la maji. Kama ningeimaliza dakika ya tano, mpaka leo ningekuwa naamini wiski ile ni ya rangi ya viatu.

13. Usioshe glasi usiku huo. Iache tupu mezani, inuse asubuhi. Pombe imeondoka, na kilichobaki kwenye ukuta wa glasi ni pipa lenyewe: sukari iliyoungua, moshi, mbao kavu. Mimi huwa naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote.

Makosa ninayoyaona kila mara

Barafu. Baridi huzuia harufu zisipande na huufanya ulimi usisikie utamu. Kwenye kinywaji cha kupoza koo ni sawa. Kwenye kuonja umejifunga macho. Jokofu vivyo hivyo. Joto la chumba la nyuzi 18 hadi 22 linafaa, na chumba kikiwa na joto zaidi, usiikumbatie glasi kiganjani, ishike chini.

Kuonja nyingi kwa siku moja. Mbili ndio mwisho, na zipangwe: isiyo na moshi kabla ya yenye moshi, dhaifu kabla ya kali. Ukianza na Islay, inayofuata nayo itakuwa na moshi.

Kusoma maoni ya watu kwanza. Ukisoma kwamba ina embe, utaisikia embe hata kama haipo. Andika yako, funga daftari, ndipo usome.

Kuuheshimu umri kuliko kilichomo. Mwaloni hutoa na mwaloni huzidisha. Pipa zuri likiachwa miaka mingi mno hutoa wiski chungu, kavu, yenye ladha ya ubao mtupu, na hakuna namba kwenye lebo itakayobadilisha hilo. Nimeonja za miaka 30 zilizochoka na za miaka 15 zilizokuwa kamili. Ukiona yako imechoka, una haki ya kusema hivyo, hata kama ilinunuliwa ghali na hata kama aliyekupa anakutazama.

Mambo yakienda kombo

*Nasikia spiriti tu.* Umeikaribia mno au mapema mno. Weka glasi chini dakika kumi zaidi, kunywa maji, anza tena kifuani na mdomo wazi. Ikiendelea, tia mililita 1 ya maji. Kama una mafua, acha kabisa, chupa itakusubiri.

*Kizibo kimevunjika.* Nusu iliyobaki itoe kwa kifunguo cha mzunguko cha divai, kwa upole. Chembe zikishaanguka ndani, chuja wiski yote kwa karatasi ya kuchujia kahawa ambayo umeisuuza kwanza kwa maji moto kuondoa harufu ya karatasi, ukiipeleka kwenye chupa nyingine safi ya glasi. Weka kizibo kingine kilichokuwa cha wiski. Usilaze chupa kamwe: pombe kali hukila kizibo.

*Imekuwa na ukungu baada ya kutia maji.* Haijaharibika. Ni mafuta ya asili yaliyoganda, na hutokea kwenye wiski isiyochujwa kwa baridi, yaani ambayo kiwanda hakikuipooza na kuichuja ili kuyaondoa mafuta hayo. Mimi nikiona ukungu huo nafurahi, maana mafuta hayo ndiyo yanayoipa uzito kinywani.

*Inanuka kiberiti au mpira.* Ni salfa, na mara nyingi imetoka kwenye pipa la sheri. Ikiwa kidogo, huondoka glasi ikikaa wazi nusu saa. Isipoondoka, ndivyo wiski hiyo ilivyo. Kuna wanaoipenda.

*Inanuka kabati lenye unyevunyevu, boksi lililolowa.* Hiyo ni tofauti. Kizibo ndicho chenye ugonjwa, na haiponi kwa muda wala kwa maji. Irudishe ulikoinunua.

*Ni chungu na inakausha kinywa.* Mbao zimezidi. Jaribu maji kidogo sana na funda dogo zaidi. Wakati mwingine maji hukaza uchungu badala ya kuulegeza, kwa hiyo jaribu kwenye kijiko kimoja tu, usitie kwenye glasi nzima.

*Chupa imefunguliwa, itakaa muda gani?* Ikiwa imejaa zaidi ya nusu, imesimama, gizani na mbali na joto, mwaka hadi miwili bila shida. Ikishuka chini ya theluthi, hewa iliyomo inaanza kuififisha ndani ya miezi michache, na zile kongwe zenye asilimia ndogo hufifia upesi zaidi. Ihamishie kwenye chupa ndogo uijaze hadi shingoni, au waite watu wawili unaowapenda mkae nayo jioni moja.